Aliyepiga Juu Analinda

Tarehe nne ya mwezi wa saba tulimzika mdogo wangu Asumani, mshonaji wa mtaa wa Kimanga, hapa Uvira. Pamoja naye nilipoteza mtu wa mwisho aliyekuwa akinikatiza nikisimulia mambo ya utoto wetu. "Hapana, yaya, haikukuwa vile," alikuwa akisema, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, na pini bado ziko mdomoni. Sasa naweza kusema lolote juu ya enzi zetu na hakuna wa kunirudisha. Kwa hiyo lazima nijichunge mwenyewe nisiongeze chumvi.

Kukumbuka kwenyewe hakukuja bure. Asumani aliacha mtoto mmoja, Riziki, msichana wa miaka kumi. Kabla ya hitima ya arobaini ukoo ulitaka neno langu juu yake: abaki Uvira na mama yake, au apelekwe Luvungi kwa bibi yake mzaa mama, mbali na chumba cha plei. Plei ndivyo watoto wa hapa wanavyoita michezo ya mpira na mbio za magari inayochezwa kwenye televisheni. Kwetu shangazi ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa ndugu yake. Wakubwa wangeweza kuongea mpaka kahawa iishe, mwisho wangenigeukia mimi. Na mimi, kila nilipotafuta la kusema, nilijikuta niko tena mchangani.

Enzi zetu nyumba ilikuwa ya kulala na ya kukimbilia mvua. Nyumba ya baba ilikuwa kwenye avenii inayoteremka hadi ziwani. Nyuma kulikuwa na mlima, mbele maji, na ng'ambo ya maji milima ya Burundi, ambayo asubuhi ilionekana karibu, na mchana ikafichwa na ukungu wa joto. Mtoto akitoka mlangoni, mteremko wenyewe ulimpeleka chini. Hakuna aliyeuliza tunakwenda wapi. Kulikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda.

Wavuvi walirudi alfajiri, taa zao zimezimwa, mitumbwi imejaa ndagala. Mama yetu, kama wamama wengi wa avenii ile, alinunua ndagala wabichi, akawatandaza mchangani wakauke, kisha akawajaza kwenye magunia ya kupanda lori kwenda Bukavu. Samaki wenyewe ni wadogo kama kidole cha mtoto. Wakitandazwa, ufuko wote ulikuwa mweupe na unang'aa, na harufu yake ilipanda hadi barabarani. Mgeni aliziba pua. Sisi hatukujua kama kuna harufu.

Wakati wa vakansi, shule zimefungwa, kazi ya watoto ilikuwa kulinda. Kunguru walijua saa kuliko sisi. Walikaa juu ya mapaa wakisubiri mtoto mmoja tu ageuke, kisha wakashuka wote pamoja. Tulikuwa na matete marefu ya kuwafukuzia. Lakini kulinda samaki siku nzima kunachosha, na kati ya samaki na maji kulibaki ukanda wa mchanga uliolowa, mgumu, mzuri kwa miguu. Hapo ndipo tulipocheza mpira. Balo yetu ilikuwa matambara na mifuko ya nailoni, tuliyoifunga kwa nyuzi za nyavu zilizochakaa. Ikikazwa vizuri ilidunda. Ikilowa ilikuwa nzito kama jiwe, na aliyeipiga kichwa aliona nyota.

Uwanja ule ulikuwa na tabu yake. Ukipiga juu, balo inaangukia majini au inaangukia kwenye samaki. Ikienda majini, uliyepiga unaogelea kuifuata, basi. Ikiangukia kwenye samaki, hilo lilikuwa jambo lingine. Mama Faida, jirani yetu, alikuwa na kisu kidogo cha kuparua mukeke, samaki wakubwa kuliko ndagala. Siku moja balo ilitua katikati ya ndagala wake, akaiokota, akakata nyuzi moja baada ya nyingine, akaturudishia matambara. Hakupiga mtu. Tuliona afadhali angepiga.

Baada ya siku ile tukawa na sheria. Balo ni ya chini. Aliyeipiga juu, hata kama haikugusa samaki, wote wanapiga kelele "Ndagala!", na yeye anatoka mchezoni, anachukua tete, anakwenda kulinda. Aliyekuwa analinda anaingia. Kwa njia hiyo samaki hawakukosa mlinzi na mchezo haukukosa mtu. Nani aliileta sheria hiyo, mimi au Asumani, hatukuwahi kukubaliana. Mimi nilikuwa mkubwa, yeye alikuwa na ulimi. Leo ningeweza kuandika kwamba ni mimi, na siwezi kuapa.

Ninachoweza kuapa ni kwamba Asumani hakuenda kulinda mara nyingi. Alikuwa na miguu myembamba, na balo ilikaa chini yake kama kuku aliyezoea nyumba. Ndagala huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa hawapatikani, basi wiki ile mchanga ulikuwa mtupu na tungeweza kupiga juu tunavyotaka. Tulipiga. Tulipiga hadi balo ikapotelea ndani ya parseli, nyuma ya nyua za watu. Asumani peke yake aliendelea kupiga chini. Tulimcheka: "Weye, samaki hawako leo." Alijibu, "Najua. Lakini watarudi."

Njaa ikituuma tulichota ndagala kiganja kimoja, tukawakaanga juu ya kifuniko cha bati kwa chumvi na pilipili, tukala na bugali baridi ya jana. Mama alipima magunia yake kwa macho akajua. "Mulinzi naye ni kunguru," alisema. Jioni jua la Uvira halizami, linajificha nyuma ya mlima mapema, na kivuli kinateremka juu ya nyumba hadi kinagusa maji. Hapo mama alisimama mlangoni akaita: "Jua limegusa mulima. Sasa ziwa ni ya kiboko." Tulipanda juu tukiwa na mchanga masikioni. Alitunusa vichwa kabla ya kutuogesha. "Mutoto wa kunuka jua hana ugonjwa," alisema.

Shuleni harufu yetu ilikuwa tofauti. Mwalimu wetu wa mwaka wa tatu, mtu mpole, alituambia sisi wa ziwani tukae karibu na dirisha, upepo utusaidie. Tukakaa dirishani, tukaangalia ziwa tangu asubuhi, na Kifaransa kikapita nyuma ya migongo yetu. Labda ndiyo sababu sikufika mbali na masomo. Labda siyo hiyo.

Sitaki kudanganya wa rika langu, maana mliona wenyewe. Ziwa lile lililotulea lilichukua pia. Lilimchukua Zuhura, mtoto wa nyumba ya pili, siku ya upepo, akifuata balo. Tulikatazwa kushuka, kisha katazo likachoka, tukashuka tena. Kipindupindu kilitujia kwa maji yale yale. Na uhuru wa mchanga haukuwa wa wote. Nilipoanza kuota matiti mama alinivuta pembeni akaniambia sasa ni kugeuza samaki, kukimbia ni kwa wavulana. Nikawa nageuza samaki na kuangalia wengine wakicheza. Mwanangu akiniuliza kama enzi zetu zilikuwa nzuri, nasema ndiyo. Halafu namtajia Zuhura.

Watoto wa leo wanafunga magoli matano bila kuvua kandambili. Wakisema wameumia, ni kidole gumba. Wakisema wamechoka, ni macho. Kuran, yaani umeme, ikikatika, uwanja wote wenye maelfu ya watu unazimika na wachezaji wanapotea pamoja na refa. Mchezo wetu uliweza kukatizwa na kiboko peke yake, na kiboko hutoa taarifa kwanza. Mjukuu wa dada mmoja ninayemfahamu alipelekwa ziwani, akaangalia maji, akauliza yanawashwa wapi.

Mambo kama hayo tuliyasema sana kwenye matanga ya Asumani, kwa sababu Riziki alikuwa anatoka kila siku baada ya chakula kwenda chumba cha plei, na alikuwa hajalia. Mama yake, wifi yangu Mwamini, alikuwa ndani ya eda. Mjane wa kwetu hatoki nje mpaka eda iishe, basi aliona mtoto akivuka kizingiti na hakuweza kumfuata.

"Baba yake iko mu udongo, yeye iko anacheka na mashine," alisema mama mkubwa Zaina, binamu wa mama yetu, aliyeketi karibu na mlango asikose kitu.

"Luvungi kuko shamba, kuko batoto benzake," alisema baba mdogo Ramazani. "Atakimbia, atachoka, atalala. Hapa anachoka vidole tu."

Wengine walicheka. Nilikuwa upande wao. Niliona Luvungi kuna mahindi, mifereji na vumbi, na mtoto aliyefiwa anahitaji vumbi. Mwamini hakubisha. Alikuwa na mtoto mmoja na alikuwa anaongelewa hapo hapo mbele yake kama mzigo wa kupanda lori. Alinishika mkono tu. "Wifi, minye siwezi kutoka. Nenda weye umuone kwanza. Halafu utasema unachosema."

Nikashuka na avenii ya utoto wetu. Wengi mnajua inavyoishia sasa. Ziwa lilipopanda liliingia taratibu, na mchanga wetu ndio ulioenda kwanza. Nyumba ya Mama Faida imesimama ndani ya maji hadi madirishani. Pale tulipotandaza samaki kuna matete, na maji yametulia rangi ya chai. Nilisimama nikaangalia. Riziki alizaliwa, akatembea, na kabla hajajua kupiga mpira mchanga ulikuwa umeshazama. Hakuuacha kwa ajili ya plei. Hakuukuta. Hilo nilikuwa nalijua siku zote, kama sisi sote, na kwenye mkeka hakuna aliyelitaja.

Chumba cha plei kiko ukuta mmoja na kibanda alichoshonea Asumani. Miaka yake ya mwisho miguu ilimvimba, hakuweza kwenda mbali. Nilijua kwamba mchana alitoka kibandani akaketi mlango wa pili kupumzika. Sikuwahi kuuliza anapumzika na nani.

Mwenye chumba ni kijana anayeitwa Djuma. Alinisalimia kwa heshima ya msiba, akaniletea kiti. Ndani kulikuwa na joto na jasho la watoto, televisheni mbili, na viatu vimeachwa mlangoni rundo zima, kandambili kwa viatu vya shule. Pembeni ya viatu kulikuwa na benchi fupi lenye mto wa vipande vya vitenge. Mkono ulioushona ule mto niliufahamu. Juu yake alikaa Riziki, ameshika kijiti, anaangalia viatu.

Aliponiona aliinama kunisalimia, akabaki amekaa. "Shikamoo, shangazi. Siwezi kuondoka sasa. Niko nalinda."

Sikumwelewa. Kwenye televisheni wavulana wawili walikuwa wanacheza mpira, kila mmoja na maneti yake, kile kidude cha vitufe wanachoshika mikononi. Wachezaji wao walipasiana chini, chini, chini. Kisha mmoja balo ilimponyoka ikapaa, na chumba kizima kikapiga kelele mara moja:

"Ndagala!"

Niliinuka kwenye kiti.

Yule mvulana alinung'unika, akaweka maneti, akaenda kwenye benchi. Riziki alimpa kijiti na kuchukua nafasi yake mbele ya televisheni.

"Wanasema nini?" nilimuuliza Djuma.

"Ni sheria ya hapa, mama. Balo ya juu hapana. Papa Asumani njo aliileta." Alionyesha benchi kwa kidevu. "Alikuwa anakaa pale na miguu yake, anatuangalia. Siku moja akasema, 'Nyinyi munacheza sawa na bantu bahana samaki.' Tulicheka sana. Akasema aliyepiga juu atoe maneti, aende kulinda. Tukamuuliza kulinda nini, hapa kuko nini? Akaangalia, akasema, 'Basi viatu.' Zamani viatu vilikuwa vinaibiwa. Tangu pale hapana."

Nikawauliza watoto kwa nini wanasema ndagala. Waliangaliana. Mmoja alisema ni vile tu. Mwingine alisema ni jina la mchezaji wa zamani aliyekuwa anapiga juu.

"Wa ekipe gani?" nilimuuliza.

"Ya Uvira," alisema, bila wasiwasi.

Nilikaa kwenye kiti changu nikalinganisha, kwa sababu ndilo nililotumwa kufanya. Sisi tulikuwa na jua, wao wana taa moja. Sisi tulijua kuogelea kabla ya kuhesabu, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kuvuka kina cha kiuno. Hawajawahi kusikia mchanga wa moto chini ya unyayo, wala ladha ya samaki aliyechomwa juu ya bati na mkono mwizi. Kitu kikubwa kimewapita na hawajui kimewapita. Hilo tulilisema matangani na sitalifuta. Lakini walikuwa wanakaripiana, wanatetea zamu, wanadanganya na kukamatwa, na msichana wa miaka kumi alikuwa katikati yao na hakuna aliyemvuta pembeni. Tulikuwa na uwanja mzima wa mchanga, na hatukuweza kuwaachia hata kiganja. Sheria moja ndiyo iliyopona, na ilipona ndani ya chumba hiki nilichotaka kumtoa mtoto.

Riziki alipiga juu karibu mara moja. "Ndagala!" Aliweka maneti bila kunung'unika, akarudi kwenye benchi, akakaa juu ya mto, akachukua kijiti.

"Huyu alikuwa hapigi juu hata kidogo," Djuma aliniambia kwa sauti ya chini. "Papa yake alimufundisha. Tangu msiba, kila akishika maneti anapiga juu. Benzake banamucheka, yeye hapana kujali. Anaenda kulinda."

Nilimtazama. Alikuwa amekaa sawasawa, magoti pamoja, mkono mmoja juu ya kile kitenge. Hakuwa anaangalia televisheni. Kila aliyefika kumpokea zamu, Riziki alimwomba amwache akae kidogo zaidi, na wengine walimwachia.

Niliposimama kuondoka, wale wavulana waliniambia kwamba mgeni wa hapa hatoki bila kucheza. Niliwaambia mimi ni mzee na nina msiba. Mmoja alinijibu kwamba Papa Asumani naye alikuwa mzee, na alikuwa anawafunga. Djuma akamkemea. Mimi nikaketi chini kwenye mkeka, nikapewa maneti, na Riziki akaitwa kutoka kwenye benchi acheze na shangazi yake. Alinionyesha kitufe cha kupasia na kitufe cha kukimbia. Kile cha tatu aliniambia nisikiguse.

Tulicheza. Sijui kama nilikuwa mwekundu au mweupe. Mtu wangu alikimbia akagonga pembe ya uwanja, akaendelea kukimbia hapo hapo, na watoto wakashika mbavu. Riziki alicheka pia. Kisha, bila kutoa macho kwenye kioo, akauliza:

"Shangazi, ni kweli naenda Luvungi?"

Nilitaka kugeuka nimjibu vizuri. Kidole kikateleza. Balo ikapanda juu, juu kabisa, ikatoka kwenye kioo.

"Ndagala!" walipiga kelele wote.

"Hapana," nilimwambia. "Unabaki na mama yako."

Alitikisa kichwa kwamba amesikia. Halafu akanyoosha mkono.

"Basi toa maneti, shangazi. Umepiga juu."

Nikaitoa, mtoto mwingine akaipokea. Nikaenda mlangoni, nikakaa juu ya mto wa Asumani, nikachukua kijiti, nikalinda viatu.